Sura ya Nne: Samaki Anayeijua Baridi ya Butembo

Kabla hujauliza samaki gani ni mzuri, pima maji ya nyumba yako alfajiri. Acha ndoo ya maji sebuleni usiku kucha, kisha saa kumi na moja, kabla jiko halijawashwa, tumbukiza kipimajoto. Butembo iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ndoo hiyo mara nyingi itasoma nyuzi 18 au 19. Fanya hivyo hivyo Beni, mwendo wa kilomita 50 na kitu kwa barabara, mamia ya mita chini zaidi, na utasoma 23 au 24. Nyuzi tano hizo ndizo zinazoamua karibu kila kitu kitakachosemwa katika sura hii.

Vitabu vingi vya kufuga samaki wa mapambo vimeandikiwa watu ambao umeme kwao haukatiki. Huko mtu humchagua samaki kwa rangi, halafu hununua hita ya kumtengenezea joto lake. Kwetu mambo huanzia upande wa pili: nyumba ndiyo inayochagua, na mwenye nyumba huchukua kilichobaki.

Wengi hudhani hita ndiyo dawa ya baridi. Tuseme una tangi la lita 54 na hita inayoshikilia maji kwenye nyuzi 26. Umeme unakatika saa moja jioni. Maji kidogo hayatunzi joto, na kufikia alfajiri tangi limeshuka hadi 20 au chini ya hapo. Umeme unarudi, hita inapandisha tena, jioni unakatika tena. Samaki anayepandishwa na kushushwa namna hiyo kila siku hudhoofika haraka kuliko yule anayekaa kwenye nyuzi 19 bila kuhamahama. Baada ya wiki moja au mbili utaona vidoa vyeupe kama punje za chumvi kwenye mapezi yake. Huyo ni kimelea anayeitwa Ichthyophthirius, na hupenda sana samaki aliyechoshwa na baridi ya ghafla. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa Butembo asiye na sola ya kutosha ni huu: hita iache dukani.

Jambo la pili ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji ni mwinuko wenyewe. Katika mita 1,800 kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani, na oksijeni inayoyeyuka ndani ya maji hupungua kwa kiasi hicho hicho. Baridi inasaidia kidogo, maana maji baridi hushika oksijeni nyingi kuliko maji ya moto, lakini pampu ikizimika usiku katika tangi lililojaa samaki, hesabu haikusamehe. Ukiwakuta samaki asubuhi wamepanga midomo juu ya maji wakipumua kwa pupa, si njaa hiyo.

Tangi lenyewe nitalipitia kwa haraka. Fundi yeyote wa milango ya vioo na alumini anaweza kukuundia la urefu wa sentimita 60, upana 30, kimo 30. Hilo ndilo la lita 54, na likijaa maji na changarawe linavuka kilo 60, kwa hiyo meza ya plastiki haifai. Mwulize tu kuhusu silikoni. Ile ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu huua samaki polepole, na utabaki kulaumu maji. Dai ile ya kawaida ya vioo, kisha iache ikauke wiki nzima.

Sasa tuwaite wagombea mmoja mmoja.

Wa kwanza kila mara ni tilapia, kwa sababu ndiye aliye karibu. Mabwawa ya tilapia yamejaa mabondeni kuzunguka Butembo, Lubero na Beni, na mwenye bwawa atakupa vitoto kwa bei ya mboga. Mazungumzo huwa mafupi.

"Papa, hawa wanakua mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye sufuria, mama."

Jibu hilo ni la kweli. Tilapia wa Nili, Oreochromis niloticus, anaweza kupita nusu mita akipewa nafasi na chakula. Ndani ya tangi dogo, dume hufukua changarawe, hung'oa mimea, na kuwapiga wenzake mpaka abaki peke yake. Baridi ya Butembo humdumaza lakini haimpunguzii hasira. Mchukue kama mgeni wa miezi michache ikiwa una watoto wa shule nyumbani, kwa sababu jike lake ni somo zuri: hukusanya mayai mdomoni na kukaa nayo humo takriban wiki mbili bila kula vizuri, taya likiwa limetuna. Baada ya hapo arudi bwawani kwa mwenyewe.

Kambare sitasema mengi juu yake. Anapumua hewa, havunjwi moyo na maji machafu, na atawala wote uliowanunua.

Samaki wa dhahabu huvuka mpaka wa Kasindi kutoka Kampala ndani ya mifuko ya plastiki, na muuzaji atakuambia anaishi ndani ya bakuli. Kwa upande wa baridi huyu anatufaa kuliko wote wa dukani, maana asili yake ni China na nyuzi 18 hadi 20 ni raha yake. Tatizo ni kimo na kinyesi. Akitunzwa vizuri hufika sentimita 20 au zaidi, na kila anachokula hurudi majini kwa wingi. Bakuli humdumaza kwanza, kisha humuua, na watu wakasema samaki hawa hawana maisha marefu. Ukiwa na bwawa dogo la saruji uani, lenye wavu wa kuzuia ndege, mnunue. Ukiwa na tangi la lita 54 sebuleni, mwache.

Kisha wapo wale ambao jina la Kongo limewapa sifa duniani. Phenacogrammus interruptus, aliyeelezwa na Boulenger mwaka 1899, anafugwa kuanzia Berlin hadi Tokyo. Dume lake lina mkanda wa rangi unaobadilika kati ya buluu na dhahabu kadiri anavyogeuka kwenye mwanga. Lakini ni samaki wa mto mkubwa wa joto, hufika sentimita 8, na hukosa amani asipokuwa na wenzake sita au zaidi. Lita 54 ni jela kwake. Gnathonemus petersii, yule mwenye kidevu kirefu kama mkonga anayetambua njia yake gizani kwa umeme dhaifu wa mwilini mwake, ana sababu kubwa zaidi ya kukataliwa huku juu. Watafiti walipima ubongo wake wakakuta ni karibu asilimia 3 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia asilimia 60 hivi ya oksijeni yote anayovuta. Kiumbe wa namna hiyo, katika mji wa mita 1,800, usiku umeme umekatika! Ni ukatili, hata kama umemlipia nauli ya ndege.

Ziwa Tanganyika nalo lina wapenzi wake. Katika miaka ya 1970 Pierre Brichard, Mbelgiji aliyeishi Bujumbura, aliwasafirisha samaki wa ziwa hilo hadi Ulaya na Marekani, na mmoja wao akapewa jina lake mwaka 1974. Kwa tangi dogo, wanaovutia zaidi ni wale wanaoishi ndani ya kombe tupu za konokono, kama Neolamprologus multifasciatus, ambaye mtu mzima wake hafiki hata urefu wa kidole. Ukoo mzima hutosha katika nafasi ya sinia, kila mmoja na kombe lake. Lakini maji ya Tanganyika ni magumu na yenye alkali, pH karibu 9, na joto lake ni nyuzi 25 au 26 mwaka mzima. Maji yetu ya mvua yanayotoka kwenye mabati ni kinyume kabisa: laini, hayana chumvi za madini, na asidi hupanda ndani yake upesi. Mtu wa Beni mwenye umeme wa uhakika anaweza kujaribu kwa kuweka mawe ya chokaa chini ya changarawe. Mtu wa Butembo atakuwa anapigana na joto na kemia kwa wakati mmoja. Simshauri.

Hapo ndipo ninapofika kwa samaki ambao hakuna anayewatazama, kwa sababu hata sokoni hawauzwi. Ni wale wadogo wa vijito na vinamasi.

Chukua jamii ya Enteromius, ambao vitabu vya zamani viliwaita Barbus. Enteromius kerstenii, Enteromius apleurogramma na ndugu zao wanapatikana katika maji ya ukanda huu wote, kutoka upande wa Kivu hadi Victoria. Ni wembamba, rangi ya fedha, wengi wao kati ya sentimita 5 na 8. Kerstenii ana doa la rangi ya chungwa kwenye kifuniko cha matamvua. Mtu akimtazama ndani ya ndoo kutokea juu hataona kitu, mgongo tu wa kijivu. Mweke ndani ya kioo, taa au mwanga wa dirisha ukimpiga ubavuni, na doa lile huwaka. Wanane wakiwa pamoja huogelea kama kundi, hugeuka pamoja, hula pamoja. Hupenda maji yanayotembea na yasiyo ya moto, na nyuzi 19 za Butembo hazimshangazi samaki aliyezaliwa kwenye kijito cha mlimani.

Sifa yao kubwa haionekani kwa macho. Kule Kibale, upande wa pili wa Ruwenzori nchini Uganda, Lauren Chapman wa Chuo Kikuu cha McGill na wenzake wamechunguza kwa miaka mingi ndugu yao, Enteromius neumayeri. Wanaoishi ndani ya vinamasi vya mafunjo, ambako oksijeni ni haba mno, wana matamvua makubwa kuliko wenzao wa kijito kilicho karibu. Hao ni samaki waliokwisha kuzoea usiku bila pampu. Ukiwa mtu wa Butembo, ukaniuliza nitaje mmoja tu, nitataja hawa: wanane, wa aina moja, tangi la lita 54, mimea ya kutosha, bila hita. Usiwachanganye na wengine.

Kwa Beni mambo ni mapana zaidi. Joto la nyuzi 23 au 24 linamruhusu gapi, samaki mdogo wa Amerika aliyesambazwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni ili ale viluwiluwi vya mbu, na ambaye leo yumo katika mitaro na mabwawa ya miji mingi. Dume lina mkia wa rangi, jike ni kubwa na la kijivu, na hapo ndipo mtego ulipo. Jike moja huzaa vitoto hai, ishirini au zaidi, karibu kila mwezi, na linaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa, kwa hiyo hata ukilinunua peke yake umenunua ukoo. Nunua madume matupu, sita au saba. Utakuwa na rangi bila mafuriko.

Lakini mimi, kwa Beni, moyo wangu uko kwa Pseudocrenilabrus multicolor. Ni furu mdogo, sentimita 6 hadi 8, wa mabwawa na vinamasi vya bonde la Nili. Alielezwa kisayansi mwaka 1903 kutokana na samaki wa Misri, na alikuwa miongoni mwa samaki wa mwanzo wa Afrika kufugwa majumbani Ujerumani. Aina yake ya huku yupo Uganda kutoka Ziwa Victoria hadi mito inayoingia Ziwa George, ambalo maji yake hutiririka kwa mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward. Watu wa Chapman walimchunguza naye pia, wakakuta jambo lile lile: wa kinamasini ana matamvua makubwa. Dume likitaka kuoa huwa na rangi za buluu na shaba, na ncha ya pezi la chini ina doa jekundu. Jike hutaga, huokota mayai mdomoni, na huyalea humo kama tilapia afanyavyo, tofauti ni kwamba hapa mchezo wote unatosha ndani ya tangi lako. Dume moja, majike mawili au matatu, vyungu viwili vilivyovunjika vya kujifichia. Ukiweka madume mawili, baada ya siku chache utakuwa na moja.

Furu wakubwa wa Ziwa Edward ni hadithi nyingine. Aina zake ni kadhaa wa kadhaa, na wataalamu wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, wameendelea kuzitaja aina mpya hata miaka hii ya karibuni. Lakini upande wetu wa ziwa umo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na inayosimamiwa na ICCN. Uvuvi wake una sheria, na Vitshumbi na Kyavinyonge si mahali pa kwenda na bidoni la mtoto kutafuta samaki wa mapambo, tena wakati huu wa vita. Waache.

Yupo mmoja zaidi ninayemtaja kwa wenye subira: Ctenopoma muriei wa vinamasi vya maziwa haya. Ana kiungo kichwani cha kuvutia hewa kutoka juu ya maji, kwa hiyo oksijeni ya tangi haimsumbui sana. Ni wa kahawia, mwoga, hujificha mchana. Wageni wako hawatamsifu. Na chochote kinachoingia mdomoni mwake ni chakula, kwa hiyo aishi peke yake au na wa kimo chake.

Ukishajua unamtaka nani, angalia anatoka mkononi mwa nani. Wapo wanaovua kwa utupa, ule mmea unaopondwa na kutiwa kijitoni ili samaki walewe na kuelea. Samaki aliyelewa utupa anaweza kuamka ndani ya ndoo, akaogelea, akakupa matumaini, kisha akafa siku ya pili au ya tatu. Muulize mvuvi kavua kwa kutumia kitu gani. Vijana wa kuvua kwa kipande cha chandarua ni afadhali, hata kama watakuletea wachache. Mtazame samaki kabla ya kulipa: mapezi yawe wazi, tumbo lisiwe limeingia ndani, asijikune kwenye ukuta wa ndoo. Mbebe katika bidoni lenye maji nusu na hewa nusu, mbali na jua, na usimlishe siku moja kabla ya safari ili asichafue maji njiani. Ukifika nyumbani, ongeza maji ya tangi ndani ya bidoni kidogo kidogo kwa muda wa nusu saa au zaidi kabla ya kumwachia. Ikiwa tayari una wengine, mpya akae chombo cha pembeni wiki mbili au tatu.

Na usinunue wote siku moja. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa, huchukua wiki nne hadi sita kuenea kwenye changarawe na sifongo ya kichujio, na kwenye baridi yetu huchelewa zaidi. Anza na wawili au watatu, lisha kidogo, badilisha robo ya maji kila wiki. Kama maji ni ya bomba la REGIDESO, yaache wazi kwa siku nzima kwanza ili klorini itoke. Kama ni ya mvua matupu, yachanganye na ya chemchemi, yasije yakageuka asidi ghafla. Kanuni inayozunguka ya kuhesabu sentimita za samaki kwa lita za maji inafaa kwa hawa wadogo peke yao. Kwa samaki wa sentimita 20 ni uongo, kwa sababu anapoongezeka urefu huongezeka pia unene na kinyesi.

Nimelibakiza jambo moja ambalo si la sebuleni tena. Mtu akihama, au akichoka, hupeleka tangi ukingoni mwa kijito na kulimwaga, akidhani anafanya huruma. Katika nchi hii kosa hilo lina uzito wa pekee. Mgongo unaogawa maji unapita hapa hapa kwetu. Vijito vya mashariki yake huteremkia Semliki, hadi Ziwa Albert na Nili. Vya magharibi huenda Ituri na Lindi, hadi mto Kongo. Mto mmoja na mwingine unaweza kuwa mwendo wa saa chache kwa mguu, na samaki wake hawajawahi kukutana. Sangara hayumo Ziwa Edward leo, ingawa mabaki ya kale yanaonyesha kwamba aliwahi kuwamo. Maporomoko ya Semliki yanamzuia kupanda kutoka Ziwa Albert. Kule Victoria, ambako watu walimpeleka kwa mikono yao katika miaka ya 1950, furu wa aina mamia walipotea. Gapi si sangara, lakini huzaana upesi kuliko sangara, na pikipiki ya Butembo haijui maporomoko.

Basi, ndugu msomaji, samaki wa tangi asirudi mtoni, hata yule uliyemtoa huko huko, maana sasa anaweza kuwa na ugonjwa wa dukani. Mtafutie jirani mwenye tangi. Ukimkosa, wape kuku.